Taa ya Chujio la Moshi: Gharama Ndogo Leo, Kubwa Kesho

Msimu wa mpunga wa Ndungu na Maore, gari likisimama na mzigo umesimama. Wafanyabiashara walionunua malori madogo ya dizeli yaliyotumika Japani, kama Elf na Canter za miaka ya karibuni, hukuta taa ya chujio la moshi kwenye dashibodi.

Chujio hilo, lililo kwenye bomba la moshi, hunasa masizi. Likikaribia kujaa, injini huongeza dizeli ili joto lifike nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo huchukua kama dakika 20 za mwendo usiokatika. Safari fupi za shambani hadi mashine ya kukoboa hazitoshi.

Taa ikiwaka, bado si ubovu. Usizime injini, endelea na safari, hasa ukiwa barabara kuu ya Same–Mombo. Taa ikimweka, magari mengi ya aina hii huomba swichi ya kusafishia ibonyezwe gari likiwa limesimama. Egesha mbali na nyasi kavu na magunia, kwani bomba huwa moto mno.

Gari likipoteza nguvu, au oili ikipanda juu ya alama kwa kuingiwa na dizeli, mwone fundi mwenye kompyuta.

Kusafisha hula dizeli kidogo. Chujio jipya hula mamilioni ya shilingi. Mnunuzi naye ahakikishe chujio halijatobolewa kabla hajalipa.