Je, Wajua? Kutoka Kitufe cha H hadi Ankara Namba 380

Je, wajua kwamba mwanaprogramu anayesogeza kielekezi kwa H, J, K na L anafuata kibodi ambayo huenda hajawahi kuiona? Mwaka 1976, Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika kihariri cha vi akitumia mashine iitwayo ADM-3A. Haikuwa na vitufe maalumu vya vishale; vishale vilichorwa juu ya herufi hizo nne. Esc nayo ilikaa pale ilipo Tab leo, kidole kidogo cha kushoto kikiifikia bila taabu. Mashine zile zilishatupwa. Vitufe vimebaki, na programu-jalizi kama IdeaVim na VSCodeVim huvihamishia kwenye vihariri vya kisasa. Anayelalamika kwamba Esc iko mbali ana haki: vi haikubuniwa kwa kibodi yake.

Je, wajua Vim, mrithi wa vi, ina undugu na Uganda? Mholanzi Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991 kwa kompyuta za Amiga. Baadaye alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, akishughulikia maji na usafi katika kituo cha watoto. Aliporudi aliifanya Vim kuwa programu ya hisani: itumie bure, ila ukiipenda, wachangie watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi, ukiifungua bila faili, ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda lilikukaribisha katikati ya skrini. Moolenaar alifariki Agosti 2023.

Wageni wengi wa Vim waliupita ujumbe huo mbio, wakitafuta mlango wa kutokea. Swali la jinsi ya kutoka Vim liliulizwa Stack Overflow, tovuti ya maswali ya wanaprogramu, mwaka 2012. Kufikia 2017 lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni 1. Jibu: bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter. Ulichoandika bila kuhifadhi kitapotea, usije ukalia.

Je, wajua kuna aliyeuchukia mtindo wa kitufe kimoja kubadilika kazi hadi kwenye namba ya gari? Katika vi, herufi x mara inaandika x, mara inafuta herufi, kutegemea uko hali gani. Larry Tesler, mmoja wa waliotuletea kukata, kunakili na kubandika huko kwenye maabara ya Xerox PARC miaka ya 1970, aliona huo ni mtego mtupu. Gari lake lilibeba namba NO MODES, yaani “hakuna hali”.

Una Mac? Bonyeza Ctrl na A ukiwa unaandika. Kielekezi kitaruka mwanzo wa mstari: hiyo ni amri ya Emacs, kihariri kingine cha zamani, imejificha humo.

Sasa ankara, kazi inayowapa ugali baadhi ya wanaprogramu wetu siku hizi. Je, wajua PDF ya kawaida uliyotuma kwa baruapepe si ankara ya kielektroniki kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014? Inatakiwa data iliyopangwa, ambayo kompyuta ya mpokeaji itaisoma yenyewe. Wajerumani wakaja na ZUGFeRD: PDF ya kusomwa na mtu, ndani yake faili la XML la kusomwa na mashine.

Ukichungulia XML ya namna hiyo utakuta namba 380, yaani ankara ya biashara; 381 ni hati ya kumpunguzia mteja deni. Namba hizi ni za orodha ya Umoja wa Mataifa iliyotumiwa na EDIFACT, mfumo wa miaka ya 1980 wa kubadilishana hati za biashara kwa kompyuta. Hazitofautiani sana na H, J, K na L: mfumo wa zamani, alama zake bado zinatumika.

Italia haitanii. Tangu Januari 2019, ankara kati ya kampuni za humo isipopitia mtambo wa serikali huhesabiwa kwamba haijatolewa. Uganda ilianza EFRIS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, Januari 2021. Kenya ina wake, eTIMS, na mfanyabiashara mdogo hahitaji hata kompyuta: kwa kabambe yake, simu ya kawaida, hupiga *222# na kutoa ankara inayotambuliwa na KRA, mamlaka ya mapato.