Vipande vya gegedu mgongoni huchelewa kuyeyuka

MAUMIVU yanayoanzia kiunoni na kushuka hadi mguuni mara nyingi husababishwa na diski iliyochomoza kati ya pingili za uti wa mgongo na kubana mshipa wa fahamu.

Kila diski ina kiini laini mithili ya ute mzito, kilichozungukwa na ukuta wa nyuzi ngumu. Juu na chini yake kuna tabaka jembamba la gegedu linaloiunganisha na mifupa. Ukuta huo ukipasuka, kiini husukumwa nje, wakati mwingine pamoja na vipande vya gegedu vilivyobanduka.

Zamani, madaktari walidhani vipande hivyo ni uvimbe uliojiotea. Mwaka wa 1934, William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba vingi vilikuwa sehemu ya diski yenyewe.

Kiini kinachotoka hushambuliwa na chembechembe za kinga na kumeng'enywa polepole, ndiposa wagonjwa wengi hupata nafuu baada ya majuma kadhaa bila kupasuliwa. Gegedu nalo halina mishipa ya damu, hivyo vipande vyake huchelewa kuyeyushwa.

Hata hivyo, mgonjwa anayeshindwa kudhibiti mkojo au choo, anayekufa ganzi sehemu za siri, au ambaye miguu yake inazidi kulegea hafai kusubiri nafuu hiyo. Anapaswa kufikishwa hospitalini mara moja, kwani kuchelewa kwaweza kumwachia ulemavu wa kudumu.