Achana na lami: Njia za vumbi za Malindi na Kilifi zinakungoja wewe na baiskeli yako

Lori lilinipita karibu mno hadi nikasikia joto la injini kwenye goti. Ilikuwa mapema asubuhi, barabara kuu ya Mombasa kuelekea Malindi, na kando ya lami hakukuwa na pa kukimbilia ila mchanga. Nikaingia huko huko. Gurudumu la mbele likazama, nami nikaruka juu ya usukani na kutua majanini. Nilikaa pale kitambo nikijipapasa kuona kama viungo vyote vipo. Vilikuwepo.

Siku ile nilijiambia: ama naiuza hii baiskeli, ama natafuta njia nyingine. Ukweli usemwe, nilikuwa karibu kuiuza. Lakini njia nyingine ilikuwepo siku zote, tena mgongoni mwangu. Sisi wa Pwani tukitaka kujivinjari huwa tunaelekeza macho baharini. Hebu ipe bahari mgongo. Ukitoka kwenye barabara kuu na kushika upande wa bara, kilomita chache tu, ngurumo za matatu zinakatika. Unabaki na changarawe, minazi, mikorosho, na watoto wanaokukimbilia wakikusalimia.

Duniani mchezo huu wa kuendesha baiskeli kwenye changarawe umeshika kasi, na Kenya imo. Tangu 2021 mashindano ya Migration Gravel Race hufanyika Maasai Mara, siku nne za vumbi na vilima. Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alikuwa miongoni mwa waliotufungulia mlango. Alifariki Agosti 27, 2022 akiwa na miaka 33, baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe ya Vermont Overland kule Marekani. Ndoto yake ilikuwa kuona waendeshaji wa Afrika Mashariki wakishindana na yeyote, popote.

Sasa njoo huku kwetu. Ukipita vijijini Magarini au Ganze utampata kijana juu ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, kafunga mitungi minne ya maji. Kila mtungi lita 20. Hiyo ni kilo 80 kabla hujahesabu baiskeli yenyewe, na mlima uko mbele yake. Hajawahi kusikia jina la mchezo huu, lakini anaucheza kila siku. Ndiye anayejua njia ipi ina mchanga, ipi ina miba, na ipi hugeuka mto mvua ikinyesha. Kabla hujafungua ramani kwenye simu, muulize yeye.

Malindi hadi Marafa

Hii ndiyo niliyoanza nayo baada ya lile lori. Toka Malindi alfajiri, jua halijachomoza, manake kipande cha kwanza hadi daraja la Sabaki ni lami na hakikwepeki. Mapema hivyo magari ni machache. Pale darajani simama kidogo uangalie mto. Maji yale mekundu yametoka mbali, kwenye mito ya Athi na Tsavo, yakawa Galana, na huku mwisho yakaitwa Sabaki. Viboko na mamba wamo, kwa hivyo usiteremke kunawa uso.

Ukishavuka, iache barabara ya kwenda Lamu na ushike kushoto, ndani ya Magarini, kupitia Marikebuni. Kutoka Malindi hadi Marafa ni kati ya kilomita 30 na 40, kulingana na njia za kando utakazochagua. Si mbali, ila vilima vinapanda na kushuka bila kukupa nafasi ya kupumzika. Udongo nao unabadilika, mara mweupe, mara mwekundu kama tofali.

Mwisho wa safari kuna Nyari, lile korongo kubwa la mchanga uliokatwa na mvua na upepo miaka mingi, likabaki na nguzo nyekundu, za waridi na nyeupe. Watalii hupaita Hell's Kitchen, na ukiingia saa sita mchana utaelewa kwa nini. Wagiriama husimulia kwamba hapo paliishi familia tajiri iliyokuwa na ng'ombe wengi hadi ikawa inaoga maziwa, huku majirani wakilala njaa. Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Rangi nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu. Lipa kiingilio, mchukue kijana wa hapo akutembeze, na mwache akusimulie mwenyewe. Hela hiyo inabaki kijijini.

Jioni ndipo rangi zinapowaka, lakini usidanganyike ukarudi usiku. Lala huko, au panga na matatu mapema akupakilie baiskeli juu.

Kuuzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke

Kama miguu haijazoea vilima, anza hapa. Arabuko-Sokoke una takriban kilomita mraba 420, na ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo anaishi sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayekimbia kama aliyeiba kitu. Yuko pia bundi mdogo wa Sokoke, ambaye kumwona ni bahati.

Tembo nao wamo. Hili si la kutishana, ni la kupanga. Ukitaka kuingia ndani, pitia kwanza kituo cha Gede, ongea na maafisa wa misitu na wanyamapori, uchukue mwelekezi. Mwelekezi anajua tembo wamelala wapi, wewe hujui. Usitake kujifanya shujaa, na usiingie peke yako.

Usipotaka kuingia, ukingo wake unatosha. Kuna njia za vijijini upande wa Kakuyuni na Jilore ambapo upande mmoja una miti na upande wa pili una mashamba ya mahindi na mihogo. Ardhi ni tambarare kiasi, shida ni mchanga. Punguza upepo kwenye tairi kidogo, kaa nyuma ya kiti, usishike breki ghafla, endelea kupiga pedali taratibu. Ukisimama tu, umezama.

Ukimaliza, magofu ya Gede yako karibu. Mji huo wa Waswahili uliachwa karne kadhaa zilizopita, na mwaka 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Egesha baiskeli, tembea kwa miguu, pumzika chini ya mibuyu.

Vilima vya kaya

Hii ni ya waliokomaa. Kutoka Kilifi panda kuelekea Ganze, au anzia Mavueni ushike njia za ndani za kuelekea Kaloleni. Barabara kubwa za huku zina lami na malori, lakini kati yake kuna mtandao wa njia za changarawe zinazounganisha shule, visima, masoko na mashamba ya minazi. Mlima mmoja ukiisha, mwingine unakuangalia. Juu kileleni ukigeuka nyuma siku isiyo na ukungu, unaona bahari kule mbali kama mstari.

Huku ndiko kwenye makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kumi kati yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kaya Fungo, kaya ya Wagiriama, ndipo Mekatilili wa Menza alipowakusanya watu kula kiapo cha kumpinga Mwingereza mwaka 1913. Mwaka uliofuata wakoloni waliilipua kwa baruti. Msitu bado upo, na wazee bado wanaulinda.

Kwa hivyo sikiliza vizuri. Njia ya mkato inayopita ndani ya kaya si njia yako, hata kama simu inaonyesha mstari. Kaya inaingiwa kwa ruhusa ya wazee, kwa miguu, na kwa masharti yao. Ukimkuta mzee njiani, shuka kwenye baiskeli, mwamkie, mweleze unakokwenda. Huenda akakuonyesha njia nzuri kuliko ile uliyokuwa nayo.

Kabla hujapiga pedali

Kwanza, huhitaji baiskeli ya bei ya pikipiki. Ile ya mtumba yenye gia inatosha, mradi breki zishike na tairi ziwe pana, milimita 40 kwenda juu. Ukiweza kupata pana zaidi kwa ajili ya mchanga, safi.

Pili, miba. Beba tyubu mbili, viraka, gundi na pampu, na ujifunze kuziba pancha nyumbani kabla hujalazimika kuiziba juani. Helmeti ni lazima. Maji lita tatu kwa mtu ni kiwango cha chini, na usitegemee kuomba visimani, manake kuna vijiji ambako mtungi huo umetafutwa kwa saa nzima. Nunua madafu badala yake.

Tatu, majira. Masika, hasa Aprili na Mei, udongo unashika tairi kama gundi na vijito vinakata njia. Kuanzia Juni ardhi inaanza kukauka na kusi bado inavuma. Wakati huo toka Kilifi uende Malindi, takriban kilomita 60, upepo ukusukume. Kaskazi ikiingia kati ya Desemba na Machi, geuza safari.

Nne, enda na wenzako, na waambie watu wa nyumbani njia mnayopita. Kula njiani: mahamri kwa mbaazi asubuhi, mhogo wa kuchoma mchana. Ukimpiga mtu picha, muombe kwanza.

Njia hizi ni za nani?

Safari ile ya kwanza ya Marafa nilipata pancha mbili, na nilikuwa na kiraka kimoja. Nikasukuma baiskeli hadi nilipoona fundi chini ya mwarobaini, beseni la maji mbele yake na tyubu kuukuu zimening'inia tawini. Alikuwa akishughulikia Black Mamba ya mvulana wa shule. Nikangoja zamu yangu. Kabla ya mvulana yule kuondoka, walipita akina mama wawili na mitungi, baba mmoja na gunia la makaa, na msichana aliyembeba mdogo wake kwenye keria. Gari halikupita hata moja.

Hapo ndipo nilipofikiria tena lile lori. Mimi nilikuja huku kukimbia lami. Wao wanaisubiri, na wana haki, manake mgonjwa akizidiwa usiku wa mvua, hakuna anayetamani changarawe. Lakini lami ikija bila njia ya pembeni ya baiskeli na waendao kwa miguu, yule msichana na mdogo wake watakuwa pale nilipokuwa mimi asubuhi ile, na mchanga ndio kimbilio lao pekee.

Kaunti hukaribisha maoni ya wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Vijana wengi hatuendi. Tunaojua njia hizi, tulizozipita kilomita kwa kilomita tukihesabu kila shimo, tuna la kusema pale. Mimi mwaka huu nitakwenda, na nitapanda baiskeli kwenda huko.

Fundi aliziba pancha zote mbili, akajaza upepo, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Akapunguza upepo kidogo. Mbele kuna mchanga, akasema. Na kweli ulikuwepo.