Picha ya Dukani kama Msingi wa Ukumbusho

Kupaka rangi juu ya picha ya bei nafuu iliyonunuliwa dukani ni kuunda kazi mpya juu ya fremu na kitambaa ambacho tayari kimebeba picha nyingine, na jambo hili hudharauliwa na wale wanaodhani kwamba sanaa haina budi kuanzia kwenye kitambaa cheupe. Mwaka 1959 mchoraji wa Denmark, Asger Jorn, alionyesha mjini Paris michoro aliyoitengeneza kwa kupaka rangi juu ya picha kuukuu za mitumba. Lakini hata bila mfano huo, historia ya sanaa ya Kongo inatosha kuikanusha dhana hiyo ya kitambaa cheupe, kwani huko picha zilizochapwa na vitambaa vya magunia vilikuwa mwanzo wa kazi mpya.

Mamba muntu, yaani nguva ambaye picha zake zilipamba sebule nyingi za Lubumbashi, ni wa ukoo mmoja na Mami Wata wa Afrika Magharibi, ambaye sura yake ilienezwa na picha ya mwanamke mshika nyoka iliyochapwa Hamburg katika miaka ya 1880, kisha ikachapwa upya Bombay mwaka 1955. Katika mji huohuo wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda-Matulu alichora mwaka 1973 na 1974 picha zipatazo mia moja za historia ya nchi yake juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na picha za namna hiyo ziliitwa ukumbusho, kwa kuwa kazi ya picha hizo ilikuwa kuamsha kumbukumbu ya mtazamaji.

Hata hivyo, picha ya dukani ina ukaidi wake. Mara nyingi huwa na utando laini wa plastiki ambao rangi haiushiki vizuri, na kwa hiyo uso wake husuguliwa kidogo kwa msasa, hufutwa vumbi, kisha hupakwa rangi ya msingi, yaani tabaka jeupe linaloficha picha ya zamani na kuishika ile mpya. Kabla ya hapo, pembe moja hujaribiwa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu wino mwingine huyeyuka na kuchafua rangi inayofuata. Rangi ya akriliki, ambayo huchanganywa na maji na ikikauka hunyumbuka, haifai kupakwa juu ya rangi ya mafuta, kwani hubanduka. Rangi ya mafuta, kinyume chake, yaweza kupakwa juu ya akriliki iliyokauka. Hali ya hewa nayo huathiri kazi hii: Uvira, mji wa Kongo ulio kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba, ubao wa fremu hufura wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, hivyo tabaka nyembamba zinazonyumbuka hudumu kuliko tabaka moja nene.

Picha iliyochapwa kwa maelfu haikumbushi nyumba yoyote, ilhali ziwa, mitumbwi ya wavuvi na sura za wazee, vikichorwa juu yake kwa mkono wa mwenyeji, huigeuza kuwa ukumbusho. Kwa hiyo wazazi na walimu wasiitupe picha iliyofifia, bali waisugue, waipake msingi na kumkabidhi kijana brashi.