Mfarishi wa Idi kwa Vipande vya Leso

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, mafundi wa Mombasa hawalali, na chini ya vyerehani vyao hujaa vipande. Mimi huvikusanya tangu Shaaban. Wako wanaonicheka, kwao kiraka ni ufukara tu. Wamesahau kuwa leso yenyewe ilianza hivyo! Neno hilo ni la Kireno, maana yake kitambaa cha mkononi. Karne ya 19 bibi zetu waliviunga sita sita, wakajitanda.

Kazi haina siri. Fua kwanza kila kipande, maana leso mpya huchuja rangi na hunywea. Kata miraba sawasawa, unga, tandaza pamba, weka shuka ya nyuma, kisha piga bandi.

Mwaka huu lilibaki pengo la mraba mmoja, katikati. Nikatoa sandukuni leso tuliyorithi kwa marehemu mama. Dadangu akanishika mkono: "Usiikate, mdogo wangu. Bado ina harufu yake."

Siku tatu mkasi haukuguswa. Mwisho akaja mwenyewe, akakata pembe iliyochakaa, akanipa bila neno.

Usiku wa kuamkia Idi tuliutandika mfarishi. Yeye ndiye aliyeulalia kwanza.