Hicho kiti unachokalia ni saizi yako?

Wadau, nilipoanza kazi ofisi fulani nilirithi meza ya jamaa mrefu kama mlingoti. Mimi ni mfupi. Miezi mitatu tu, shingo ikakaza na mkono wa mausi ukaanza kufa ganzi. Nikawa nameza dawa za maumivu, kumbe tatizo kiti!

Siri ni hii: usianze na kompyuta, anza na mwili wako.

Kwanza kiti. Kipandishe mpaka viwiko vilingane na kibodi na vikunjike kama herufi L, mabega yalegee. Miguu ikining'inia, weka boksi chini. Mimi nilitumia matofali mawili, watu wakacheka weee!

Pili skrini. Iwe mbali kama urefu wa mkono, ukingo wake wa juu usawa wa macho au chini kidogo. Yangu ilikuwa juu ya vitabu vya yule jamaa, nikawa nainua kidevu kutwa nzima. Nikavitoa.

Tatu mausi. Ikae karibu kabisa na kibodi, usiifuate mbali.

Nne macho. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 hivi kwa sekunde 20.

Uko kafe, kiti cha plastiki hakipandi? Kunja sweta ukalie.

Shingo yangu ilipona, ganzi ikaisha. Yako isipoisha, nenda kwa daktari, usisubiri.

Haya, wewe mwenzangu unakaaje? Mwaga maoni hapo chini.