Adhabu Yenye Sura ya Kosa: Dante na Wala Rushwa wa Jehanamu

Mshairi Dante Alighieri alizaliwa katika mji wa Florence, nchini Italia, mwaka 1265, akafa uhamishoni mjini Ravenna mwaka 1321. Utenzi wake mkubwa, ambao yeye mwenyewe aliuita Komedia tu na watu wa baadaye wakauongezea sifa ya Kimungu, una sehemu tatu: Jehanamu, Toharani na Peponi. Jumla yake ni sura 100 zenye mishororo 14,233. Kwa ukubwa huo wengi huogopa hata kuufungua. Ni hasara, maana watu wanaosimuliwa humo ni askari, mahakimu, wafanya biashara, wake na waume, pamoja na makosa yao ambayo kila jamaa inayajua.

Hadithi yenyewe si ngumu kufuatwa. Mwaka ni 1300. Mtu wa makamo anajikuta amepotea katika msitu wenye giza. Anataka kuupanda mlima unaong'ara kwa jua, lakini wanyama watatu wanamzuia njia: chui, simba, na mbwa-mwitu jike aliyekondeana. Msitu ni maisha yaliyopotewa na njia. Wanyama ni maovu yanayomrudisha mtu nyuma. Wataalamu wamebishana karne nyingi juu ya wanyama hao, ila juu ya mbwa-mwitu wengi wao husema ni tamaa ya mali, kwa kuwa kila akila njaa yake huzidi. Ndipo anapotokea Virgil, mshairi wa kale wa Kirumi, kumwongoza kwa njia ya mbali zaidi, nayo inapita kuzimu.

Huko chini adhabu hazitolewi kwa kubahatisha. Kila mkosaji hupata adhabu yenye sura ya kosa lake. Waliotawaliwa na ashiki hupeperushwa na tufani isiyotulia, kama walivyokubali kupeperushwa na matamanio. Waaguzi waliodai kuyaona ya mbele wamepindwa shingo, nyuso zao zikaelekea mgongoni, nao hutembea kinyumenyume. Na wale ambao maishani hawakuchagua upande wowote, wema wala uovu, hawapokewi hata na Jehanamu yenyewe. Hukaa kwenye ukumbi wake, wakiifukuza bendera isiyo na kituo, huku nyigu na nzi wakiwauma. Kwa askari aliyekula kiapo chini ya bendera moja, picha hiyo haihitaji mfasiri.

Mahali panapostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni handaki la tano katika duara la nane. Humo hutumbukizwa watumishi wa serikali waliouza madaraka yao. Handaki limejaa lami inayotokota, na Dante anailinganisha na ile iliyochemshwa wakati wa baridi katika karakana ya merikebu ya Venice, mafundi walipozitia kalafati merikebu zilizochakaa. Kwa nini lami? Kwanza hunata: pesa za rushwa zilinata mikononi mwao, na sasa wao wamenaswa. Pili ni nyeusi na hufunika. Aliyepokea kwa siri alifanya kazi yake gizani, basi na akae gizani. Ukingoni wanalinda mashetani wenye kulabu, na yeyote anayeinua mgongo kutafuta nafuu huopolewa na kuraruliwa. Miongoni mwa waliozama humo ni Fra Gomita wa Gallura, katika kisiwa cha Sardinia. Huyu alikuwa na maadui wa bwana wake mikononi mwake, akapokea fedha, akawaachia huru.

Sasa lisikilizwe jambo ambalo wasomaji wengi hawaambiwi. Dante mwenyewe alihukumiwa kwa kosa hilo hilo. Mwaka 1300 alikuwa mmoja wa wakuu sita wa mji wa Florence kwa muda wa miezi miwili. Kundi la wapinzani wake lilipotwaa mji, alishtakiwa kwa rushwa, na tarehe 27 Januari, 1302, akatozwa faini, akafukuzwa kwa miaka miwili na kunyimwa cheo maisha. Kwa kuwa hakufika kujibu wala kulipa, mwezi Machi iliamriwa kwamba akikamatwa achomwe moto mpaka afe. Hakurudi tena kwao. Basi huko kwenye lami, mshairi anapojificha nyuma ya jabali akiyaogopa mashetani, huenda kuna zaidi ya hadithi. Anasema aliogopa kama askari wa miguu aliowaona wakitoka katika ngome ya Caprona baada ya kusalimu amri, wakipita katikati ya maadui huku hawana hakika kama ahadi ya usalama itatimizwa. Hayo yalitukia mwaka 1289.

Linaloshangaza wengi ni kwamba wauaji na wanyang'anyi hawako chini kabisa. Kwa Dante, nguvu hata mnyama anazo, lakini hila ni kosa la binadamu peke yake, na hila mbaya kuliko zote ni ile anayofanyiwa mtu aliyekuamini. Kwa hiyo chini kabisa wamo wasaliti, na hakuna moto huko. Kuna barafu. Aliyeua joto la imani baina ya watu amegandishwa. Katika vinywa vitatu vya Ibilisi wanatafunwa Yuda, Brutus na Cassius. Hawa wawili wanajulikana kwa wasomaji wa Kiswahili kutokana na tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1963, na humo Brutus huonekana mtu mwadilifu. Dante hampi hata nafasi ya kujitetea.

Ukali huo usidhaniwe kuwa ni chuki ya vyama. Guido da Montefeltro, jemadari aliyevaa kanzu ya utawa uzeeni, yumo motoni kwa kumpa Papa Bonifasi wa Nane shauri la kuahidi mengi na kutimiza machache. Lakini mwanawe Buonconte yuko Toharani, miongoni mwa watakaookoka. Naye alikuwa adui hasa: tarehe 11 Juni, 1289, katika vita vya Campaldino, alipigana upande wa Arezzo, na Dante alikuwa miongoni mwa askari farasi wa Florence. Mwili wake haukupatikana. Katika utenzi Dante anamwuliza ni nini kilichompeleka mbali hata kaburi lake lisijulikane. Buonconte anajibu kwamba alikimbia kwa miguu akiwa amejeruhiwa koo, akaanguka kando ya mto Archiano, akataja jina la Maria na kudondosha chozi. Malaika akaichukua roho. Shetani, kwa hasira ya kunyang'anywa kwa sababu ya chozi moja, akaleta mvua kubwa. Mto ukafurika, ukausukuma mwili hadi katika mto Arno, ukaufungua msalaba aliokuwa ameufanya kwa mikono kifuani, kisha ukaufunika kwa matope.